Kaunta ya kwatzi jikoni: fundi wa kukatia nyumbani, karakana ya mawe, au vipande vya kuagiza?

Watu wengi wanaojenga au kukarabati jiko humaliza nguvu zote kwenye kuchagua rangi ya jiwe, halafu kazi ya kulikata na kulilaza wanampa yeyote aliyepatikana. Bamba la bei mbaya likiungwa ovyo halina heshima tena. Mstari mweupe unaokatiza kaunta ya kijivu utauona kila asubuhi ukichemsha chai, na jointi, yaani pale vipande viwili vya jiwe vinapokutana, iliyopanda upande mmoja itanasa kila kitambaa unachopitisha. Ndiyo maana naliona swali la nani akate na nani alaze kuwa zito kuliko swali la rangi.

Kwa aliye Dar, Arusha, Mombasa au Nairobi, njia ni tatu. Ya kwanza ni kununua bamba na kumwita fundi alikatie nyumbani kwa grinda. Ya pili ni kuipa karakana ya mawe kazi nzima: waje wapime, wakakate kwao kwa mashine, warudi kulaza. Ya tatu ni kuagiza vipande vilivyokwisha katwa kiwandani kwa kufuata mchoro wako, mara nyingi kutoka China, vije kwenye kontena pamoja na makabati au vigae, kisha fundi wa hapa avipange.

Jiwe lenyewe, na mambo ya kupimia

Kwatzi ya kaunta haichongwi mlimani. Ni chenga za kwatzi, kwa kawaida asilimia 90 au zaidi ya uzito wote, zilizoshikwa kwa rezini (gundi ya plastiki) na rangi kisha zikashindiliwa kiwandani hadi zikawa bamba. Kutokana na hilo kuna mambo matatu yanayogusa uungaji moja kwa moja. Rezini haipendi moto. Sufuria iliyotoka kwenye jiko ikiwekwa juu yake inaweza kuacha doa au hata kupasua jiwe. Ung'avu wake ni wa kiwandani, kwa hiyo fundi akisugua juu ya jointi kwa grinda ili kuisawazisha, pale alipogusa patabaki na ukungu usiorudi kirahisi. Graniti unaweza kuing'arisha upya palepale, lakini kwatzi ni shida. Tena ni zito: kwa unene wa milimita 20, mita moja ya mraba ina kilo takriban 50, hivyo kipande cha mita 3 kwa sentimita 60 kinakaribia kilo 90.

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yaleyale: vipimo na mchoro, jointi, ulazaji, vumbi, na malipo pamoja na nani atawajibika mambo yakiharibika. Ila kwanza ujue jointi nzuri ikoje, maana asiyeijua hukubali chochote.

Jointi nzuri ni nyembamba, milimita 1 au 2. Kingo zake zimekatwa zikabaki kali, gundi imechanganywa ifanane na jiwe, na pande zote mbili ziko usawa mmoja. Pitisha ukucha: usikwame. Kisha inama mpaka jicho liwe karibu na jiwe, uangalie taswira ya dirisha juu ya kaunta. Mstari wa fremu ukiruka unapofika kwenye jointi, upande mmoja umepanda, hata kama ukucha haukuhisi.

Vipimo na mchoro

Idadi ya jointi huamuliwa hapa, kabla diski haijagusa jiwe. Chukua jiko la umbo la L lenye upande mmoja wa mita 3.1 na mwingine wa mita 2, kina sentimita 60. Bamba ulilonunua lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.4, kwa hiyo linatoa mikanda miwili ya sentimita 60. Ukiamua upande mrefu ndio ushike kona, unahitaji mita 3.1. Bamba halifiki, na utaishia na jointi mbili, moja ikiwa ya kuongezea kipande cha sentimita 10 tu. Sasa geuza: upande mfupi ushike kona kwa mita zake 2, na ule mrefu unabakiwa na mita 2.5. Bamba ni lilelile na jiko ni lilelile, lakini jointi ni moja. Fundi anayekaa na wewe kwenye karatasi na kukuonyesha hilo, mshike.

Fundi wa nyumbani ana faida ya kuwa ndani ya jiko lako muda wote. Ukuta ukiwa umepinda, anakisogeza kipande, anaweka alama, anakata kufuata ukuta ulivyo. Udhaifu wake ni kwamba wengi hufanya kazi na futi tu na kumbukumbu. Mtake achore, hata kwa penseli, aonyeshe kila jointi iko wapi na imepita umbali gani kutoka kwenye sinki na jiko.

Karakana inayojiheshimu haipimi kabla makabati hayajafungwa au msingi wa kaunta haujakamilika. Wanakuja na vipande vyembamba vya plaiwudi, wanavigundisha pamoja kufuata ukuta wako, na kiolezo hicho ndicho kinachokwenda kwenye mashine. Wengine wana kipimo cha leza. Usahihi wake ni mkubwa, lakini una sharti: baada ya kupima, kitu kisisogezwe. Fundi wa kabati akirudi kurekebisha mlango akasukuma kabati sentimita moja, kiolezo kimekufa.

Vipande vya kuagiza hukatwa mtu wa kiwandani akiwa hajawahi kuliona jiko lako. Kila kitu kinategemea mchoro, na mchoro mara nyingi hutumwa plasta haijapigwa. Plasta ya milimita 15 kwenye kuta mbili zinazotazamana imekula sentimita 3 za nafasi yako. Kwa njia hii pima baada ya plasta, na kona uikague kwa kamba: pima sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, mshazari wake uwe 100 kamili. Usipokuwa 100, kona haiko mraba, na kiwanda lazima kielezwe.

Jointi

Jointi huanzia kwenye kingo mbili zinazokutana. Mashine kubwa ya karakana, ile ambayo msumeno wake hutembea juu ya reli huku ukimwagiwa maji, hukata mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kingo mbili zilizotoka hapo zinakutana bila kuacha mwanya. Grinda ya mkononi hutegemea mkono. Fundi hodari hufunga ubao au chuma kilichonyooka juu ya jiwe akaongoza grinda nacho, na matokeo yake yanaweza kuwa mazuri kweli. Fundi wa kukata kwa jicho huacha mawimbi madogo ambayo baadaye hujazwa gundi, na gundi nyingi ndiyo inayoonekana. Kuna mbinu moja nzuri kwa anayetumia grinda: kama ukingo wa bamba uliotoka kiwandani umenyooka na hauna kasoro, upange kazi ili ukingo huo ndio uingie kwenye jointi, na mikato ya mkono iende ukutani inakofichwa na vigae.

Kwa vipande vya kuagiza tatizo lipo kwenye usafiri. Kiwanda huvunja ncha za kingo zote kidogo ili zisimeguke ndani ya kreti. Kwa ukingo wa mbele ni sawa. Kwenye jointi, ncha mbili zilizovunjwa zikikutana zinafanya mfereji mdogo, na mfereji huo utaujaza gundi upende usipende. Andika kwenye oda kwamba kingo za jointi zibaki kali na zifungwe kwa plastiki au mbao. Ni sentensi moja, nayo ina thamani kubwa kuliko punguzo lolote utakalobembeleza.

Baada ya kingo inakuja gundi. Simenti nyeupe na grauti, ile saruji laini ya kujazia kati ya vigae, havifai hata kidogo kwenye jointi ya kwatzi: vinanyonya, na baada ya biriani chache jointi inakuwa ya njano kwa manjano na mafuta. Kinachofaa ni gundi ya epoksi, au ile gundi ya mawe ya kuchanganya na kigumisho, ikatiwa rangi. Rangi ijaribiwe kwenye kipande kilichobaki na iachwe ikauke kabisa kabla ya kuamua, maana ikikauka hubadilika. Pwani joto huikausha gundi haraka, hivyo jointi ifungwe asubuhi, jua halijapanda, na ichanganywe kidogo kidogo.

Kisha usawa. Nimesimama jikoni nikitazama vijana wa karakana wakifanya hivi, na ni kazi ya kupendeza. Wanapachika vikombe viwili vya mpira vinavyonyonya jiwe, kimoja kila upande wa jointi, vikiunganishwa na skrubu. Skrubu moja inavuta vipande vikaribiane, nyingine inakandamiza upande uliopanda. Gundi inatoka juu kama uzi, wanaiacha ishike kidogo, wanaikata kwa wembe, wanamalizia kwa kitambaa chenye asetoni. Grinda haigusi juu. Vikombe hivyo si mali ya karakana peke yake; fundi wa nyumbani anaweza kuwa navyo. Muulize kabla. Akikwambia yeye hulaza kwanza kisha husugua hadi pawe sawa, kwa graniti msikilize, kwa kwatzi mtafute mwingine.

Mahali pa jointi nako kuna taratibu zinazofanana kwa wote watatu. Isipite katikati ya sinki kama kuna njia nyingine, kwa sababu pale jiwe ni mkanda mwembamba mbele na nyuma na maji hayakauki. Isikae ubavuni mwa jiko la gesi: sufuria pana ya pilau inapozidi upana wa jiko, moto hurudi chini na kupiga jiwe. Na tundu la sinki lenyewe likatwe kona za mviringo. Kona kali ya ndani ndiyo mwanzo wa ufa.

Ukichagua jiwe lenye mishipa mirefu kama ya marumaru, jua kwamba jointi haitajificha vizuri na yeyote kati yao. Karakana ina nafasi nzuri zaidi ya kulinganisha mishipa kwa sababu inaona bamba zima kabla ya kukata. Jiwe la chenga ndogo lenye rangi iliyochanganyika huficha jointi vizuri zaidi. Na kama unahitaji mabamba zaidi ya moja, yawe ya toleo moja la kiwanda. Namba huandikwa mgongoni au ubavuni.

Ulazaji

Kwetu kaunta nyingi hukaa juu ya zege lililomwagwa kwenye kuta za matofali, si juu ya makabati. Zege ni imara, lakini mara chache huwa sawa. Weka pimamaji ndefu juu yake kabla ya jiwe kuja. Tofauti ya milimita 3 katika mita 3 inavumilika. Zaidi ya hapo zege lirekebishwe kwanza. Kwatzi isilazwe kwenye udongo wa simenti kama kigae cha sakafuni, kwa sababu jiwe lenye rezini hutanuka kwa joto tofauti na zege. Madoa ya silikoni kila baada ya umbali mfupi yanatosha. Uzito wenyewe ndio unaolishika.

Fundi wa nyumbani mara nyingi ndiye aliyemwaga zege hilo, kwa hiyo analijua na anaweza kulirekebisha siku hiyohiyo. Karakana itakwambia urekebishe wewe kisha uiite tena. Kwa vipande vya kuagiza, fundi atakayelaza ndiye anayebeba mzigo wote, naye hakukata; mchague mapema kama unavyomchagua wa kukata.

Kama ni makabati, chini ya jointi pawe na ubao au ukuta wa kabati pande zote mbili. Jointi inayoning'inia hewani itafunguka. Jiwe libebwe kwa kusimama ubavu, kamwe lisibebwe likiwa limelala, hasa lenye tundu la sinki. Nyuma, ukutani, paachwe mwanya wa milimita 2 au 3 wa silikoni.

Vumbi

Hili naliandika kwa uzito wote. Vumbi la kwatzi limejaa silika, na chembe zake ndogo zisizoonekana huingia ndani ya mapafu na kubaki humo. Ugonjwa wake, silikosisi, hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Australia ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kufunga mawe haya kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya mafundi wengi, baadhi yao vijana, kuugua. Kaunta ikishalazwa haina madhara kwa mpishi. Hatari iko kwenye kukata na kusugua.

Hapo fundi wa nyumbani ndiye mwenye mtihani mgumu. Kukata kavu sebuleni au barazani, na kitambaa kimefungwa mdomoni, ni kumuumiza yeye na walio ndani. Kama unachagua njia hii, kata iwe ya maji mwanzo hadi mwisho, msaidizi akishika mpira wa maji kwenye diski, ifanyike nje mbali na madirisha, barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la N95 au zaidi, na tope lizolewe likiwa bichi badala ya kufagiwa likikauka. Maji na grinda ya umeme ni hatari ya pekee, kwa hiyo kifaa kiwe cha kufaa maji na kiunganishwe kupitia swichi inayokata umeme ukivuja.

Karakana nzuri hukata kwa maji kwa mashine zilizojengwa hivyo. Lakini usidhani, nenda ukaone. Ukikuta sakafu imejaa unga mweupe na vijana wako wazi pua, hiyo kazi nzuri unayotaka inalipwa na mapafu yao. Sheria zipo, Tanzania na Kenya, za usalama mahali pa kazi, na mteja anayeuliza husaidia kuzifanya zifuatwe. Vipande vya kuagiza hupunguza ukataji hapa, ingawa vumbi la kiwandani lilibaki kwa wengine, na karibu kila mara kuna marekebisho madogo ya kufanya nyumbani.

Malipo na uwajibikaji

Fundi wa nyumbani hulipwa kwa siku au kwa mita ya urefu, na bamba unanunua wewe. Ndiyo njia ya gharama ndogo zaidi, lakini bamba likipasuka mkononi mwake, mara nyingi hasara ni yako. Karakana hutoza jiwe, kukata, kung'arisha kingo, tundu la sinki na ulazaji. Ulizia kila kimoja na uliza kama unalipia bamba zima. Ukililipia zima, mabaki ni yako, na yanatosha kwa ubao wa dirisha au mkanda wa ukutani. Likipasuka kabla ya kukabidhiwa, ni juu yao, mradi imeandikwa. Vipande vya kuagiza hulipwa mapema, na kikifika kimepasuka, mbadala wake uko baharini. Agiza kipande cha ziada cha ule urefu mkubwa.

Dhamana ya kiwanda kwa kawaida inahusu jiwe, haihusu jointi. Kwa hiyo popote utakapokwenda, mchoro wenye jointi zote uwekwe sahihi, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka umekagua kwa ukucha na kwa taswira ya dirisha, mchana.

Kwa hali yako

Jiko dogo la mstari mmoja lisilozidi urefu wa bamba halina jointi hata moja. Hapo fundi wa nyumbani mwenye kata ya maji anatosha, na fedha iliyobaki iende kwenye sinki bora.

Jiko la L au U, jiwe lenye mishipa, au kisiwa (kaunta inayosimama peke yake katikati ya jiko) chenye kingo zinazoshuka hadi sakafuni: karakana. Jointi ya nyuzi 45 ya kisiwa haikatwi kwa mkono ikatoka safi.

Unajenga fleti zenye majiko yanayofanana? Kuagiza kuna faida ya kweli, ila tengeneza jiko moja la mfano kwanza, plasta na vigae vikiwa vimekamilika, kisha ndipo utume vipimo.

Nyumba ipo mbali na mji, karakana haifiki: mpe karakana kazi ya kukata kingo za jointi na tundu la sinki, usafirishe vipande vikiwa vimesimama, mikato ya ukutani afanye fundi wako nje kwa maji.

Kama ndani kuna mtoto mchanga au mwenye pumu, mtu asikate jiwe nyumbani kwako, hata kwa maji.

Na kama moyo wako hautulii kuhusu silika, graniti ina silika kidogo kuliko kwatzi na marumaru ina kidogo zaidi, ingawa marumaru huliwa na ndimu. Vumbi la graniti nalo lina madhara, hivyo kata ya maji haiepukiki. Maswali kuhusu mchoro na mahali pa jointi yanabaki yaleyale.